Wokmeni ya Bibi

Juzi nilikwenda Bagamoyo, na kabla sijafika nilikokuwa nakwenda nikakutana na gari la chuma chakavu. Unalijua lile gari. Kirikuu kilichochoka, spika imefungwa juu kwa mpira, na sauti iliyorekodiwa inarudia yale yale tangu asubuhi: friji mbovu tunanunua, feni mbovu tunanunua, redio mbovu, pasi mbovu, hata kama imekufa kabisa mama usitupe, leta. Wengine wakiisikia sauti ile hukumbuka kwamba wana pasi mbovu uvunguni. Mimi hupandwa na hasira. Niliegesha gari pembeni, nikazima injini, nikangoja wapite.

Kwenye mkoba nilikuwa na mashine ya masikio, mpya, ndani ya kiboksi chake. Nilikuwa nampelekea mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye sasa hasikii. Mama ndiye aliyenipigia simu. Wewe si ndiye fundi wa mambo hayo, akasema, mfikirie mjomba wako, damu nzito kuliko maji. Haya. Ngoja nikusimulie kuhusu hiyo damu, kisha uniambie wewe uzito wake.

Tulikuwa tunakaa mji wa zamani, humo humo Bagamoyo, mimi na Mama na Bibi mzaa mama, katika nyumba ya mawe aliyoiacha marehemu babu. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtoto alikaa na sahani yake akala akashiba. Mbele palikuwa na baraza, nyuma ua wenye mpapai na jiko la Bibi. Kila alfajiri nyumba nzima ilinuka hiliki na mafuta, kwa sababu Bibi alikuwa anakaanga vitumbua, na majirani walikuja na sahani zao wakiwa bado wana usingizi usoni. Nikisikia leo harufu ya hiliki popote pale, hata hotelini kwenye mkutano, nageuka kumtafuta.

Wasichana wenzangu walicheza rede. Mimi nilikuwa naokota redio. Usicheke. Sokoni palikuwa na fundi redio aliyeacha mizoga ya redio nyuma ya kibanda chake, na nilipoacha kumwogopa nikaanza kuomba. Redio za mkulima zilizopasuka, redio kaseti zilizotafuna kanda mpaka zikafa, simu za mezani zisizo na namba, kengele za mlangoni. Nilibeba kwenye upande wa khanga kama mtu aliyetoka kuchuma mchicha. Nyumbani nilikuwa na debe la biskuti, na humo ndimo nilimopanga mali yangu. Majina ya kitaalamu sikuyajua, niliyatunga mwenyewe. Kulikuwa na vipipa, kulikuwa na pipi zenye mistari ya rangi, kulikuwa na wadudu wa miguu mitatu. Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alipotufundisha kapasita na transista, mimi moyoni bado nilisema vipipa na wadudu.

Chuma cha kulehemu sikuwa nacho. Nilikuwa na msumari mrefu nilioutia mpini wa gunzi la muhindi, nikauchoma kwenye makaa ya Bibi, pembeni ya chuma cha vitumbua. Ukishika wekundu, nauchomoa haraka na kugusa pale mguu wa kipipa uliposhikwa na risasi ya kulehemu. Risasi inayeyuka, kipipa kinachomoka kizima. Moshi wake ulichanganyika na harufu ya hiliki. Bibi alilalamika kwamba nitawapa watu vitumbua vya redio, lakini alinisogezea makaa mazuri.

Mama hakupenda. Mtoto wa kike na bisbisi wapi na wapi, atakuja kuolewa na nani. Yule fundi wa sokoni naye alikuwa na neno lake moja tu, alilolisema kila aliponipa mzoga mpya. "Samaki mmoja akioza wote wameoza, sawa. Lakini redio si samaki. Hata ife vipi, ndani yake mna kitu kizima. Kitafute." Nimeyabeba maneno hayo maisha yangu yote, nimeyatumia kwa mashine na kwa watu pia. Kwa mashine hayajawahi kunidanganya.

Sasa, Bibi alikuwa anapoteza usikivu. Ilianza na hodi. Watu walibisha hodi mlangoni naye hakuitika, na unajua pwani mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa anaondoka na dukuduku. Wakasema anaringa. Baadaye wakajua, na ikawa mbaya zaidi, maana walichoka kumpigia kelele wakaacha kumwambia chochote. Akaulizwa habari za mguu, akajibu habari za mchele. Watoto wakacheka. Basi akajitengenezea tabasamu moja la kuitikia kila kitu, tabasamu la adabu, kichwa kinakubali kidogo kidogo. Ukimwambia habari ya msiba, tabasamu. Ukimwambia ya harusi, lile lile. Lililomuumiza kuliko yote lilikuwa adhana. Msikiti ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, na bado ilimbidi anivute mkono aniulize, "Wameshaadhini?" Mimi natikisa kichwa ndiyo, naye anakwenda kutawadha akiwa ameinamisha uso, kama mtu aliyekosa.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye debe la vipipa, na nikaamua kwamba Bibi yangu atasikia.

Kitu kikubwa kilitoka kwa Mjomba mwenyewe, na hapo ndipo Mungu anaponishangaza. Wakati huo Mjomba alikaa Dar es Salaam, alikuja na shati lililopigwa pasi na habari za mjini. Alikuwa na wokmeni, ile redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni na kusikilizia masikioni. Ikamharibikia, haizungushi tena kanda. Akaitupa ndani ya debe langu huku akicheka. "Chukua, malkia wa takataka." Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nilipoifungua, niligundua kwamba kilichokufa ni mpira wa kuzungushia kanda tu. Nilipogusa kwa kidole kile kichwa kidogo kinachosoma kanda, spika za masikioni zilinguruma. Kumbe koo lilikuwa zima! Nikafikiri: kama inaikuza sauti ya kidole changu, itakikuza chochote nitakachoingiza pale. Kwenye mzoga wa redio kaseti ya jirani nikachomoa kile kitufe kidogo cha kunasia sauti, nikakipa umeme wake kutoka kwenye betri kwa kupitia pipi moja ya rangi, nikaingiza waya wake pale palipokuwa kichwa cha kanda. Mota nikaikata ili isile betri bure. Kazi yenyewe haikwenda vizuri kama ninavyokusimulia. Kwanza kilikoroma. Kisha kikapiga mluzi uliomfukuza paka. Ndipo nikajua kwamba kinasa sauti hakipendi kukaa karibu na sikio, nikakirefushia waya ili kikae kifuani, kimefichwa kwenye khanga.

Nikamvalisha Bibi alfajiri, akiwa jikoni. Alikuwa ameshika upawa wa uji wa vitumbua. Akamimina kwenye chuma, mafuta yakalia, naye akaruka nyuma kana kwamba kuna nyoka. "Mtume! Kumbe yanasema!" Akamimina tena. Akamimina tena na tena, vitumbua vikajaa, hakuvigeuza, vikaungua. Tukavila vile vilivyoungua tukicheka kama wenda wazimu. Kisha ikaadhiniwa Alfajiri. Bibi akaweka chini upawa, akakaa kwenye kibao, akalia mpaka muadhini akamaliza. Ndugu yangu, nimetengeneza vitu vingi tangu siku ile, na vingine nimesifiwa. Hakuna kilichofika hapo.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "usimwambie mtu. Acha kwanza nisikie wanavyonisema."

Na walimsema kweli! Jirani wa mkono wa kulia, aliyemwita dada kila siku, alimwambia mwenzake palepale barazani kwamba vitumbua vya bibi kizee siku hizi vimekuwa vidogo kama vifungo. Bibi akatabasamu tabasamu lake. Kesho yake akamkaangia vyake peke yake, vidogo kweli kweli kama vifungo, akamkabidhi kwa adabu zote. Tulicheka wiki nzima.

Tena watu walivyoona waya wa masikio na wokmeni kiunoni, walijijibu wenyewe. Mama akawaambia wageni kwa fahari kwamba siku hizi mama yake anasikiliza kanda za mawaidha. Hakuna aliyejiuliza kiziwi anasikilizaje mawaidha. Kwao lilikuwa jambo jema, la mtu mzima anayejiandaa na akhera, na jambo jema halihojiwi. Wakazidi kuwa huru. Zamani walipokuwa naye walishusha sauti kidogo, kwa mazoea tu. Sasa waliona masikio yamezibwa kabisa, wakasema kila kitu.

Jumapili moja Mjomba akaja. Bibi alikuwa uani, kwenye kivuli cha mpapai, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali wa mchana, waya masikioni. Mjomba na Mama walikaa mkekani, hatua chache kutoka kwake. Mimi nilikuwa na debe langu pembeni ya jiko.

"Mteja yuko tayari," Mjomba akasema. "Anataka kufungua nyumba ya wageni. Tatizo ni Mama tu."

"Atakubali wapi kuhama," Mama akajibu. "Ameingia humu bibi harusi."

"Nani kakwambia anaombwa akubali? Haambiwi. Ijumaa tunampeleka Kaole kwa dada yake, tunamwambia anakwenda kutembea. Huku nyuma tunahamisha vitu. Akishazoea, basi."

"Na akiuliza?"

Mjomba akacheka. Kile kicheko ninacho mpaka leo. "Aulize, kwani atasikia jibu? Hana habari, mwache na mawaidha yake."

Mimi nikamtazama Mama. Nilingoja. Nilijua atasema kitu, maana alikuwa mama yangu na yule aliyekaa juu ya mbuzi alikuwa mama yake. Mama akachezea ukingo wa mkeka. "Haya, kaka," akasema. "Wewe ndiye mkubwa, na mirathi iko mikononi mwako. Ila mimi na mtoto utufikirie."

Mkono wa Bibi haukusita. Ulikwenda na kurudi, ulikwenda na kurudi, na uso una lile tabasamu. Nazi ikaisha. Nilisikia sauti ikibadilika, meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu kitupu, naye hakuacha. Alikuna kifuu. Unga wa kahawia ukaanguka juu ya nazi nyeupe, na wale wawili mkekani, wenye masikio yao mazima, hawakusikia kitu. Mchana wali ulipoandaliwa Mjomba akatema punje ya kifuu kwenye kiganja. "Mama siku hizi hata kuona haoni," akasema.

Jioni Bibi akaniita jikoni. Akavua waya taratibu, akauzungusha kwenye wokmeni, akaniwekea kiganjani na kuvifumba vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili.

"Zima, mjukuu wangu. Nimesikia ya kunitosha."

Nikalia. Nikamwambia apige kelele, awaambie wazee wa msikiti, nyumba isiuzwe. Akanifuta machozi kwa ncha ya khanga iliyonuka nazi.

"Nyumba naweza kuipigania. Lakini niwaambie nimesikia, halafu? Watanitazama vipi usoni? Mimi nimewazaa, nimewasitiri wakiwa uchi, siwezi kuwavua nguo uzeeni. Wakiniona kiziwi wana pa kujificha. Nawe usiseme."

Ijumaa ilipofika akafunga safari ya kwenda kutembea. Vitenge viwili, mswaki, tasbihi. Kisha akafungua kasha lake, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya ukindu, ambacho nyumba nzima tulikijua kwa sababu kila mwaka alikianika juani kisiliwe na mende. Ilikuwa sanda yake, pamoja na kafuri na ubani. Akaiweka chini kabisa ya kikapu, khanga juu. Mjomba akakinyanyua kikapu akakiona kizito. "Mama, unakwenda kutembea au unahama?" akamtania, akasema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hakutegemea kujibiwa. Bibi akampa tabasamu.

Hakurudi. Alikaa Kaole kwa dada yake akiwa mpole, hakuuliza lini atarudi, hata mara moja, na wao wakasema mwaona, amezoea. Masika hayajakwisha akafariki. Walipoanza kuhangaika kutafuta sanda, dada yake akawaambia msihangaike, alikuja nayo. Mama aliposikia hivyo akanitazama, mimi nikatazama pembeni. Mjomba akasema mama yao alikuwa mcha Mungu, alijiandaa.

Na debe langu? Siku ya kuhamisha vitu Mjomba alileta watu wa chuma chakavu na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Vikaenda vitanda vya chuma vya babu, chuma cha vitumbua, masufuria, na debe, likiwa na vipipa vyangu, wadudu wangu, na wokmeni niliyokuwa nimeifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nikakuta mlango wazi na harufu ya vumbi. Nilipouliza, Mjomba akasema, "Yale mataka? Sasa yangekufaa nini?" Vyote vilipimwa pamoja, kwa kilo.

Basi huyo ndiye niliyekuwa nampelekea mashine juzi.

Nilimkuta sebuleni kwake, amekaa kwenye kochi, kofia kichwani, mzee mdogo asiyejaza shati lake. Nikampa shikamoo, akanisoma midomo, akaniitikia kwa tabasamu. Watoto wake wakubwa walikuwepo wote, wanazungumza, chai imepoa. Hawakunisubiri nimalize salamu. Nikakaa karibu naye, nikafungua kiboksi. Mashine za siku hizi ni ndogo mno, hii inaingia nyuma ya sikio na kofia inaifunika, na wale walikuwa wanatazama simu zao. Nikaiwasha nikamwekea.

Mara ya kwanza aliposhtuka nilidhani ni kelele za barabarani, maana kirikuu kilikuwa kimerudi, kinapita dirishani na redio mbovu zake na pasi mbovu zake. Sivyo. Alikuwa amemsikia mwanawe wa kwanza.

"Tukishapata mpangaji, hapa hawezi kukaa. Tumpeleke shambani Makurunge, tumwambie anakwenda kupumzika. Mzee mwenyewe hana habari."

Wallahi nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu utotoni. Nilidhani itakuwa tamu. Mjomba hakuwageukia. Aliinamisha macho sakafuni, na nikamwona akirudi nyuma polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka uani kwetu. Kisha akanigeukia mimi.

"Ile wokmeni ya Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Haikuwa ya mawaidha."

Bibi aliniambia nisiseme. Nilikuwa nimemtii miaka yote hiyo.

"Haikuwa, Mjomba. Alisikia kila neno."

Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Akapeleka mkono chini ya kofia akaitoa mashine, akaniwekea kiganjani, akavifumba vidole vyangu juu yake.

Nyumba ya Bibi sasa ina bango la taa linalotangaza bei ya chumba kwa usiku mmoja, na palipokuwa na jiko la vitumbua pana matangi ya maji. Sikupita huko. Sauti ya chuma chakavu ilikuwa imeshafifia upande wa sokoni. Binti yake Mjomba akaja kumjazia chai, akamuuliza kwa kelele, karibu na sikio, kama anajisikia vizuri. Mjomba akamtazama mtoto wake, akampa tabasamu, kichwa kinakubali kidogo kidogo.